Ruhusa si nywila: tunachokosea tunapomjibu anayejifunza kupima usalama wa Linux

Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kujifunza kupima usalama wa mfumo wa Linux alilazimika kumwuliza binadamu mwenzake, na mara nyingi alijibiwa kwa kebehi. Siku hizi anaiuliza programu ya akili mnemba. Anaandika kwamba anataka kujua namna ya kujaribisha nywila kwenye seva ya SSH, ile njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Programu inamwuliza kama ana ruhusa. Anajibu, "Ndiyo, ni seva yangu," na mazungumzo yanaendelea. Pengine anakataliwa, anabadilisha maneno mawili matatu, anakubaliwa. Hali hii imezua mabishano. Kuna wanaolia kwamba mashine zinawagawia watoto silaha, na kuna wanaolalamika kwamba mashine hizohizo zinawanyima wanafunzi elimu ambayo tayari imejaa kila mahali. Wote wanabishania kiasi cha maarifa kinachopaswa kutoka. Sijasikia wengi wakiuliza yaliyolipata lile neno "ruhusa". Limegeuka nywila: ukilitamka mlango unafunguka, na ukishapita huna haja nalo tena.

Hoja yangu ni kwamba ruhusa ni sehemu ya somo lenyewe, na ni somo la kiufundi sawasawa na kujua kusoma orodha ya milango (ports) iliyo wazi kwenye seva, ambako huduma zake husikiliza. Anayemnyima anayeanza jibu lolote, na anayempa amri tupu bila kumfundisha mpaka wa mahali pa kuitumia, wana kosa lilelile. Wote wawili wamedhani maadili hukaa nje ya ufundi, kama onyo lililobandikwa juu ya chupa ya dawa.

Ubishi huu una umri mkubwa kuliko wengi wanaoubishia. Mwaka 1993 wataalamu wa usalama Dan Farmer na Wietse Venema walisambaza andiko lililowashauri wasimamizi wa kompyuta wajaribu kuivunja mifumo yao wenyewe kabla mwingine hajaivunja. Aprili 1995 wakatoa programu ya kufanyia kazi hiyo, wakaiita SATAN. Hofu iliyofuata ilikuwa kubwa mno, kana kwamba watu wamegawiwa bunduki barabarani. Watani hao walitia ndani ya furushi kiprogramu kilichoitwa repent, yaani "tubu", ambacho kazi yake ilikuwa kuligeuza jina SATAN liwe SANTA kwa ajili ya waliokwazika. Maangamizi yaliyotabiriwa hayakuja. Zilizokuja ni zana bora zaidi: Nmap, ya kuskani milango ya mtandao, mwaka 1997, Metasploit, ya kujaribia udhaifu wa mifumo, mwaka 2003, kisha BackTrack mwaka 2006, iliyokusanya zana za aina hiyo ndani ya Linux moja, na mrithi wake Kali Linux, Machi 2013. Leo mtu anapakua faili moja, anaiwasha ndani ya kompyuta pepe (kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya nyingine), na zana kwa mamia zimekaa mbele yake. Hapo ndipo palipobadilika. Zamani kuitafuta zana na kuijenga mpaka ikubali kufanya kazi kulikula siku kadhaa, na katika siku hizo mtu alijifunza, bila kukusudia, jinsi mfumo unavyoendeshwa. Sasa zana inatangulia ufahamu. Watengenezaji wa Kali wenyewe wanalijua jambo hili, na maelezo yao rasmi yanaonya kwamba hiyo si Linux ya kumfaa mtu asiyeizoea Linux. Hata hivyo, hadi walipotoa toleo la kwanza la mwaka 2020, mtumiaji wake wa kawaida alikuwa root, yule mkuu asiyezuiwa na kitu. Mgeni aliyeanzia hapo alikuwa haonani kabisa na ule ujumbe wa "Permission denied", yaani umenyimwa ruhusa.

Ujumbe huo una thamani kubwa kuliko unavyoonekana. Linux imejengwa juu ya ruhusa toka chini hadi juu. Kila faili ina mwenyewe, ina kikundi chake, na ina watu wengine waliobaki. Kila upande kati ya hizo tatu umepangiwa kama unaweza kusoma, kuandika au kuendesha. Anayeanza anagonga ukuta huo, anauliza, na jibu la haraka analopewa ni neno moja: tanguliza sudo, amri inayokupa kwa muda uwezo wa root. Anaitanguliza, mambo yanakubali, anasahau. Kumbe katika mifumo mingi sudo humpa mtumiaji nasaha fupi mara ya kwanza anapoiita: aheshimu faragha ya wengine, afikiri kabla ya kuandika, na akumbuke kwamba uwezo mkubwa huandamana na wajibu mkubwa. Sehemu kubwa ya maadili ya fani imeandikwa pale, ndani ya zana yenyewe, na karibu kila mtu anaipita akikimbilia kuandika nywila.

Wanaotaka milango ifungwe wana hoja moja nzito, na sipendi inavyopuuzwa. Mwishoni mwa Septemba 2016 msimbo wa programu hasidi ya Mirai uliwekwa hadharani na mtengenezaji wake. Mirai haikuwa na muujiza wowote. Ilizunguka intaneti ikitafuta vifaa vinavyoendeshwa na Linux, kamera na ruta, ikajaribisha jozi zipatazo 60 za majina na nywila za kiwandani, na palipofunguka ikaingia. Oktoba 21 mwaka huohuo jeshi la vifaa vilivyotekwa kwa njia hiyo liliishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti, na tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Waliokiri kuitengeneza Mirai walikuwa vijana watatu waliokuwa ndio kwanza wanaingia miaka ya ishirini. Mwaka 2018 mahakama nchini Marekani iliwapa miaka 5 ya uangalizi na saa 2,500 za kazi za jamii. Vijana, Linux, nywila za kubahatisha: ni sura ileile ya swali la anayeanza. Anayesema kwamba maarifa hayana madhara kamwe bado hajaikabili Mirai.

Lakini tazama ni kitu gani hasa kilichosambaza madhara yale. Kwamba nywila ya kiwandani ni hatari, hilo lilikuwa likisemwa kwa miaka. Kilichoongezeka Septemba ile ni furushi zima lililo tayari kuwashwa na mtu asiyeelewa lolote. Hapo nakubaliana na wakali. Kumweleza mtu kwa nini mlango fulani unafunguka, na kumkabidhi mtambo wa kufungua milango elfu kumi kwa usiku mmoja, ni misaada ya aina mbili tofauti, na mwalimu mwenye akili timamu anaweza kutoa wa kwanza huku akinyima wa pili bila kujiona mnafiki.

Bahati mbaya hoja hiyo siyo inayosikika zaidi upande huo. Inayosikika ni ile ya kwamba anayeuliza swali la kitoto amejidhihirisha kuwa hafai: kama huwezi kusoma mwongozo, usiziguse zana hizi. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mabishano haya, kwa sababu inachanganya ujinga na uovu. Mwenye nia mbaya hana haja ya kuuliza hadharani. Ananunua kilicho tayari au anakopi cha mwenzake. Anayeuliza waziwazi, hata kwa swali bovu lenye makosa matatu ndani ya sentensi moja, amejiweka mahali anapoweza kurekebishwa. Ukimfukuza humpokonyi zana, kwani anayo tayari kwenye diski yake. Unachompokonya ni mtu wa kumshika mkono. Ataondoka na kumpata mwingine wa kumjibu, na huyo mwingine huenda akamwonyesha amri ileile akiielekeza kwenye tovuti ya watu, bila hata kutaja kwamba ina mwenyewe.

Upande wa pili, wa wanaotaka kila swali lijibiwe, una ushahidi mzuri. Machi 29, 2024, mhandisi wa hifadhidata anayeitwa Andres Freund alitangaza kwamba ndani ya xz, programu ya kubana data inayotumika karibu kila mahali kwenye Linux, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, kumefichwa mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia, uliolenga SSH. Usalama haukuwa kazi yake ya kila siku. Alikuwa akipima kasi ya programu nyingine, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo ikamkera kiasi cha kuifuatilia mpaka kwenye mizizi yake. Matoleo hayo yalikuwa bado hayajaenea kwenye mifumo mingi ya kazi. Dunia inahitaji watu wengi wanaoijua Linux kwa undani wa namna hiyo, wanaotambua mfumo ulivyo ukiwa mzima hata wakashtuka unapougua, na watu hao walianza kwa kuuliza sudo ni nini.

Walakini uko kwenye hatua inayofuata, pale wanaposema kwamba nia njema inatosha. Nimeisikia hoja hii hata kwa watu ninaowaheshimu, na kesi mbili zinaibomoa. Ya kwanza ni ya Daniel Cuthbert huko Uingereza. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 alichangia fedha kupitia tovuti ya kukusanya misaada, akaingiwa na shaka kwamba huenda ni ya matapeli, akaongeza nukta na mikwaju kadhaa kwenye anwani ili aone seva itajibu nini. Mwaka 2005 alitiwa hatiani chini ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 1990, faini pauni 400 pamoja na gharama za kesi pauni 600. Hakuiba kitu. Mimi naiona adhabu ile kuwa ya kipuuzi, lakini upuuzi wake haukumfutia hatia, na Cuthbert alikuwa tayari ni mtu wa fani hii. Anayeanza leo atajiteteaje kwa kusema alikuwa na shaka tu?

Ya pili inaihusu Linux yenyewe, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Mwaka 2021 ilibainika kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wamewatumia wasimamizi wa kerneli, yaani kiini cha Linux, viraka (marekebisho ya msimbo) vilivyotiwa kasoro kwa makusudi, ili waone kama vingegunduliwa. Wasimamizi hawakuwa wameambiwa. Aprili mwaka huo Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wakuu wa kerneli, alisitisha michango kutoka chuo hicho. Viraka vyao vya nyuma vikaanza kupitiwa upya kimoja kimoja, na watafiti wakaliondoa andiko lao. Hawa hawakuwa wanaoanza. Walikuwa na shahada, walikuwa na chuo nyuma yao, na swali lao lilikuwa zuri kweli, maana tukio la xz miaka mitatu baadaye lilionyesha kwamba hatari waliyoizungumzia ipo. Ila chuo kilikuwa kimeuchukulia utafiti ule kuwa haupimi watu, wakati kilichopimwa hasa kilikuwa umakini wa watu: wengine wao wanaofanya kazi ile kwa kujitolea, na waliopotezewa muda wao bila kuulizwa. Kwa hiyo maadili ya kazi hii hayaji yenyewe mtu anapokua kitaaluma. Yanafundishwa, au hayapo.

Sasa kwa nini naiita ruhusa ufundi? Kwa sababu mwenye mfumo anajua mambo ambayo hakuna zana itakayokuonyesha. Nilipokuwa mchanga katika kazi hii niliandika skripti ndogo ya kutuma maneno kwenye kila mlango ulio wazi katika mtandao wa mahali nilipokuwa, nikitaka kujua ni huduma gani inayojibu. Sikumwambia mtu. Dakika chache baadaye, chumba cha pili, printa ilianza kutoa karatasi moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na mstari mmoja wa takataka nilizotuma. Nilichokuwa sijui ni kwamba printa nyingi husikiliza kwenye mlango namba 9100 na huchapa chochote kinachofika hapo. Waandishi wa Nmap walikuwa wanalijua hilo zamani. Ndiyo maana zana yao, inapochunguza matoleo ya huduma, huruka mlango huo usipoiamuru vinginevyo. Ningeomba ruhusa, aliyesimamia mtandao ule angeniambia kwa sentensi moja: usiziguse printa, na kuna mashine moja ya zamani ambayo ukiigusa inaganda. Karatasi zilizopotea ni jambo dogo. Kama ingeganda ile mashine, mambo yangekuwa mengine.

Ukiitazama hivyo, kuomba ruhusa ni njia ya kukusanya habari kabla ya kupima, tena habari bora kuliko za skani yoyote. Unajua mashine zipi ni dhaifu, saa ngapi watu hawafanyi kazi, nakala za akiba ziko wapi, na mambo yakiharibika nani apigiwe simu. Robert Morris hakuwa na yote hayo Novemba 2, 1988, alipokiachia kirusi-mnyoo chake, programu inayojisambaza yenyewe, kwenye intaneti. Aliogopa kwamba wasimamizi wangekidanganya kwa kujifanya tayari wamekipata, basi akakiamuru kwamba mara moja katika kila saba kijinakili hata pale kinapokuta nakala yake. Kiwango kile kilikuwa kikubwa mno. Mashine zilijaa nakala mpaka zikazimia, zikikadiriwa kuwa kama 6,000, na hapakuwa na kitufe cha kuzima. Watu huisimulia habari hii ama kama kosa la maadili au kama kosa la hesabu. Ni kosa moja. Anayejaribia kwenye mfumo wa wengine hana pa kupimia hesabu zake kwanza, na hana wa kumwambia "simamisha".

Ruhusa yenyewe nayo ina ngazi. Septemba 2019 wapimaji wawili wa kampuni ya Coalfire walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama katika jimbo la Iowa, Marekani, wakiwa na mkataba mkononi. Mkataba ulikuwa halali kwa upande wa mahakama za jimbo, lakini jengo lilikuwa la kaunti, na wenye kaunti hawakuwa wameambiwa. Mashtaka yalifutwa mwaka 2020, baada ya miezi kadhaa ya kuhangaika. Kama wataalamu wenye karatasi iliyosainiwa waliweza kulala rumande kwa sababu ya swali la nani hasa ndiye mwenye nyumba, basi kijana anayesema "rafiki yangu kaniruhusu nijaribu seva ya kazini kwake" anahitaji kusaidiwa kuona kwamba rafiki yake si mwenye seva. Hata seva uliyoikodi mwenyewe imekaa juu ya mashine ya kampuni yenye masharti yake. Mara nyingi anayeanza hadanganyi anaposema "ni yangu". Anakuwa hajui umiliki unaishia wapi.

Wapo watakaonijibu kwamba kuskani milango tu hakudhuru, ni kubisha hodi. Mfano huo haufai. Anayebisha hodi hujitambulisha na kungoja ajibiwe. Anayezunguka nyumba akijaribu kila kitasa na kila dirisha ana jina jingine.

Turudi kwa yule aliyeuliza kuhusu nywila za SSH. Jibu zuri lingemwelekeza awashe kompyuta pepe mbili kwenye mashine yake, azifungie katika mtandao wa ndani usiotoka nje, mojawapo iwe Metasploitable, ambayo imetengenezwa ikiwa na matundu makusudi na kwa sababu hiyohiyo haifai kuonja intaneti kabisa. Lingemfundisha aendeshe jaribio huku dirisha la pili likionyesha kumbukumbu za seva, aone kila nywila iliyokosewa inavyoacha alama, kisha abadilishe seva itumie funguo za kidijitali badala ya nywila, arudie jaribio, aone linavyokufa. Nusu ya somo hilo ni ulinzi, na nusu ile ya kushambulia imepata maana kwa sababu ya ulinzi. Kwa anayetaka kuzoea amri kwanza, upo mchezo wa Bandit wa tovuti ya OverTheWire, ambao unafundisha Linux kwa kuingia kwenye seva iliyowekwa kwa kazi hiyo. Anayetaka kuonja skani ya mtandao halisi, mradi wa Nmap umeweka mashine yao, scanme.nmap.org, na wameruhusu iskaniwe kwa kiasi. Na anayetaka kujua kama kompyuta yake mwenyewe iko salama hahitaji hata kushambulia. Lynis, zana ya ukaguzi, itamkagulia mipangilio na kumwambia palipolegea. Jibu hili ni refu kuliko amri moja, nakubali. Linachosha wa kujibu. Ndiyo sababu binadamu wengi hawakulitoa, na ndipo mashine, isiyochoka, ingeweza kutuzidi kama ingefundishwa kujibu hivyo.

Ingelazimika kwanza kuacha lile swali la ndiyo au hapana. Badala ya "Je, una ruhusa?" iulize: mashine hiyo ni ya nani, iko wapi kwenye mtandao, na ikizima sasa hivi nani atakosa huduma? Mwenye kompyuta pepe yake nyumbani atajibu kwa mstari mmoja. Ambaye hajawahi kulifikiria atakwama kidogo, na hapo alipokwama ndipo pa kuanzia kumfundisha. Mwongo atadanganya, kama anavyodanganya leo. Tofauti ni kwamba leo na mkweli pia anafundishwa kuandika maneno ya kupitishia tu.

Wenye mifumo nao hawawezi kubaki watazamaji. Mei 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba utafiti wa usalama unaofanywa kwa nia njema usifunguliwe mashtaka chini ya sheria yao ya udukuzi. Ni sera ya waendesha mashtaka wa serikali kuu ya nchi moja. Haimpi mtu ruhusa kwenye mfumo wa mwingine, na haimlindi aliye kwingine. Mwaka huohuo kulikamilishwa kiwango kinachoitwa security.txt, RFC 9116: faili fupi ya maandishi inayomwambia mgeni apeleke wapi taarifa akiona tundu. Kuiandika kunachukua dakika kumi, na tovuti nyingi bado hazina. Kwa hiyo kijana aliyejikwaa kwenye tundu bila kulitafuta anakuta hakuna anwani, hakuna ahadi kwamba hatashtakiwa, na anakumbuka yaliyompata Cuthbert. Anauliza afanye nini. Ushauri ninaousikia zaidi akipewa, hata na wataalamu, ni anyamaze na afunge kompyuta, na tundu linabaki pale kwa atakayefuata.